Forester SG5 ya turbo: pesa kidogo uiweke wapi kwanza

Subaru Forester SG5 ya turbo bado ni gari tamu. Injini yake ya EJ205, lita 2, ilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 220 na torki ya Nm 309, na ikiwa nzima, ukikanyaga mafuta mzunguko ukipita 3,000, unaisikia mgongoni. Tatizo ni umri. Magari haya yaliundwa kati ya 2002 na 2007, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kila SG5 inayouzwa Nairobi leo imeshaendeshwa hapa miaka mingi. Imepita mikononi mwa wenyewe kadhaa, na mafundi wa kila aina. Anayeinunua huuliza haraka sana: kuna kitu cha bei nafuu nikifunge, iende zaidi?

Kipo. Lakini mpangilio wa vitu hivi ni muhimu kuliko vitu vyenyewe, na kile kinachouzwa rahisi kuliko vyote ndicho ninachokiweka mwisho kabisa. Nimepanga kuanzia ninachokiamini zaidi. Mengi ya haya yanafaa pia kwa Impreza na Legacy za turbo za miaka hiyo, maana ukoo wa injini ni ule ule.

1. Kuirudisha kwenye nguvu yake ya asili

SG5 nyingi barabarani hazifikishi tena farasi 220, na mwenye gari hajui kwa sababu hajawahi kuendesha iliyo nzima. Kwa hiyo "apugredi" ya kwanza ni plagi mpya, mipira ya hewa na kihisio cha hewa kilichosafishwa.

Anza na mipira. Kuna mpira mpana unaotoa hewa kwenye filta kuipeleka kwenye turbo, nao hupita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) mahali usipoweza kuuona bila kufungua vitu. Baada ya miaka ishirini ya joto unapasuka. Ukipasuka hapo, kabla ya turbo, injini inavuta hewa ambayo kihisio hakikuipima, petroli inakuwa chache kuliko hewa, na hiyo ni hatari kwa pistoni. Ufa ukiwa baada ya turbo, upande wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), mambo yanageuka: hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka, petroli inazidi, unaona moshi mweusi na gari linakunywa mafuta bila kwenda. Kipimo chake ni rahisi. Fundi azibe mdomo wa mpira kule kwenye filta, aingize hewa ya kompresa kwa presha ndogo, kisha apake maji ya sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Gereji isiyojua kufanya hivi isiruhusiwe kukuuzia kifaa chochote cha turbo.

Plagi za injini hii zimelala ubavuni, kushoto na kulia, na nafasi ya kuzifikia ni finyu. Baadhi ya mafundi hubadilisha zile zinazofikika kirahisi tu. Omba uonyeshwe zote nne za zamani zimepangwa kwa mfuatano wa silinda. Moja ikiwa imelowa oili au imekuwa nyeupe kuliko wenzake, umeshapata habari ambayo ungelipia pesa nyingi kuipata baadaye. Na maadamu plagi ziko nje, pimeni kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine tatu, acha kusoma orodha hii: pesa yako inahitajika ndani ya injini.

Mkanda wa taimingi hauongezi nguvu, ila ukikatika kwenye EJ205 vali hugonga pistoni. Muda wake ni kilomita 100,000. Kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu umekwisha, uubadilishe pamoja na tenshona inayoukaza, roli zake na pampu ya maji.

2. Geji ya presha na kebo ya kusomea kompyuta

Havisukumi gari, lakini bila hivi kila kinachofuata ni kubahatisha. Geji ya presha ya turbo inakuambia kama turbo inafika inapotakiwa na kama inapitiliza. Kebo ya aina ya KKL, inayounganisha laptop na kompyuta ya gari, ni ya bei ndogo sana, na ukiwa na laptop yoyote ya kawaida unaweza kutumia FreeSSM au RomRaider, programu za bure zinazoelewa lugha ya kompyuta za Subaru za wakati huo.

Ukiwa na RomRaider, tafuta namba inayoitwa IAM. Ni kipimo cha imani ya kompyuta kwa petroli iliyomo kwenye tangi. Kwenye kompyuta za mwanzo inatakiwa isome 16, kwenye za baadaye 1. Ikishuka, maana yake kihisio cha nokingi kimesikia injini ikigonga, na kompyuta imeamua kurudisha nyuma taimingi ya moto ili kuilinda. Gari linakuwa zito, hasa kwenye mlima, na mwenyewe anaanza kutafuta kifaa cha kuongeza nguvu wakati nguvu anazo, zimefungiwa tu. Jaza petroli bora zaidi inayopatikana kwenye kituo unachokiamini, endesha, kisha usome tena. Namba ikipanda, umeongeza nguvu kwa gharama ya petroli peke yake.

3. Remapu inayofanywa hapa hapa, kwa petroli ya hapa

Remapu ni kuandika upya ramani ambazo kompyuta ya injini hufuata. Hapa ndipo nguvu mpya ya kweli ilipo, na kwa anayeweza kungoja akusanye pesa, ndiyo ninayopendekeza kuliko kifaa chochote cha chuma.

Sababu yake wengi hawaifikirii. SG5 ya soko la Japani ilipangiwa taimingi kwa petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo oktani yake (uwezo wa kustahimili nokingi) huwa karibu 100. Petroli ya pampu zetu iko chini ya hapo. Kwa hiyo kompyuta ya kiwandani inaishi kwa kujirekebisha: inajaribu taimingi kali, inasikia nokingi, inarudi nyuma, inajaribu tena. Remapu nzuri huipatia ramani inayolingana na petroli unayonunua, ikaacha kupapasa. Wakati mwingine kilele cha nguvu hakipandi sana, lakini katikati ya mzunguko, kule unakoendesha kila siku, gari linakuwa jingine.

Kazi yenyewe kwa kawaida hufanywa kwa kifaa cha Tactrix OpenPort na programu ya EcuFlash. Kwenye SG5 za mwanzo fundi atainama chini ya dashibodi atafute plagi mbili za kijani aziunganishe, ndipo kompyuta ikubali kuandikwa. Anayekuja na faili tayari kwenye laptop, akalipakia na kuondoka bila kuendesha gari, mkatae, hata bei yake ikiwa nzuri. Faili la WRX (Impreza ya turbo) ya Ulaya halijui turbo yako, sindano zako za petroli wala mlima wa Limuru. Fundi wa kweli hurekodi kabla ya kugusa kitu, huandika, hurekodi tena barabarani gari likiwa chini ya mzigo, hurekebisha. Atakuuliza unaweka petroli gani na unaendesha wapi. Na atakuachia nakala ya ramani ya kiwandani. Idai kabla hujalipa.

4. Egzosi, na filta

Egzosi pana kuanzia nyuma ya kataliti (kisafisha moshi) huleta sauti zaidi kuliko mwendo. Kinachobana pumzi kwenye gari hili ni bomba linalotoka kwenye turbo lenyewe, na ukilibadilisha bila remapu presha inaweza kupanda kuliko kompyuta ilivyotarajia. Basi egzosi ije na remapu au isije. Ukumbuke pia kwamba Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009, na majirani wana masikio.

Filta ya paneli inayoingia kwenye boksi la kiwandani haina ubaya. Ile ya duara iliyo wazi, inayokaa peke yake chini ya boneti, siipendi kwa SG5: inavuta hewa ya moto ya injini, na ikibadilisha kipenyo cha bomba lililobeba kihisio, vipimo vyote vya hewa vinakuwa uongo.

5. Vali ya kupuliza hewa nje

Ile ya "tssh" unapoachia mafuta. Vali ya kiwandani hurudisha hewa ndani ya mfumo, kwa sababu kihisio kilishaihesabu na petroli yake ilishapangwa. Ukiimwaga nje, petroli inabaki bila hewa yake: moshi mweusi kila ukibadili gia, na mara nyingine gari kuzima ukisimama. Haiongezi nguvu hata kidogo.

Visanduku vya kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile la kuunganishia kompyuta ya gari, vinavyoahidi farasi zaidi wala havipati nafasi hapa. Kuandika upya kompyuta ya SG5 kunahitaji zana na hatua nilizozitaja, kisanduku hakizifanyi.

6. Vali ya mkono ya kuongeza presha

Ni kipande kidogo cha shaba chenye golori na springi, kinafungwa kwenye mpira mwembamba unaoendesha mlango wa pembeni wa turbo, ule unaofunguka kuzuia presha isipitilize. Ukizungusha, mlango unachelewa kufunguka, presha inapanda. Rahisi kununua, rahisi kufunga, na tofauti unaisikia siku hiyo hiyo. Ndiyo maana inaua injini nyingi.

Springi haijui uko wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya nje ina presha ya karibu bar 0.82. Mombasa ni bar 1.01. Ukiiweka vali itoe bar 0.9 ukiwa Nairobi, ndani ya manifoldi kuna jumla ya bar 1.72. Shuka nayo pwani Desemba, geji itasoma 0.9 ile ile, lakini jumla sasa ni bar 1.91, yaani asilimia 11 zaidi. Ongeza joto la pwani, foleni iliyochemsha intakula juu ya injini, abiria na mizigo. Kompyuta ya kiwandani hupima presha ya nje na kupunguza ipasavyo. Vali hii imeipokonya kazi hiyo. Kinachovunjika kwanza mara nyingi ni zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, na hapo unanunua injini nzima.

Wakati mwingine vali hii huwa imeshafungwa na mwenye gari wa zamani, nawe hujaambiwa. Kabla ya kulipia SG5 yoyote, fungua boneti ufuate mipira myembamba inayotoka kwenye turbo. Ukiona kipande cha shaba chenye kitasa cha kuzungusha, kitolewe, na mipira irudishwe kwenye solenoidi ya kiwandani, vali ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Mwambie fundi aangalie pia ndani ya mpira: Subaru iliweka humo kizuizi kidogo chenye tundu jembamba, na watu hukitupa bila kujua wakati wa kufunga vali. Kikikosekana, solenoidi haitaweza kushika presha sawasawa, na gari litakuwa zito hata kila kitu kingine kikiwa kizima.