Tathmini ya YAL-1: Ndege ya Leza Iliyokosa Pa Kuzungukia

Anayetaka kuipima silaha ya leza inayobebwa na ndege hana budi kuanza na YAL-1, ndege ya Boeing 747-400F ambayo Marekani iliigeuza kuwa mtambo wa kutungua makombora ya balistiki yakiwa bado yanapaa, na ambayo naihesabu kuwa kazi bora ya uhandisi iliyokabidhiwa jeshi lisiloweza kuipeleka vitani.

Sifa zake ni za kweli. Puani mwake mlikuwa na kioo cha kulengea chenye upana wa mita 1.5, kilichofungwa ndani ya tufe linalozunguka, na nyuma zilipangwa moduli sita, kila moja yenye uzito wa takribani tani 3, ambamo klorini na haidrojeni peroksaidi hukutanishwa ili kutoa oksijeni inayoichochea iodini kutoa mwanga. Kabla ya mwale mkuu, leza mbili hafifu hutangulia: moja hulifuatilia kombora, nyingine hupima msukosuko wa hewa, kisha kioo kinachobadili umbo huurekebisha mwale usitawanyike njiani. Ustadi wenyewe uko hapo, kwani mwale huo haulitoboi kombora. Hulipasha joto ganda lake, nalo, kwa kuwa tayari limeelemewa na shinikizo la ndani na mkazo wa kupaa, hupasuka. Usiku wa tarehe 11 Februari 2010, nje ya pwani ya California, kombora lililorushwa kutoka baharini liliharibiwa hivyo katika muda usiozidi dakika mbili.

Kasoro yake kubwa ni umbali. Mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi Robert Gates aliwaambia wabunge kwamba ingehitajika leza yenye nguvu mara 20 hadi 30 zaidi, la sivyo ndege ingelazimika kuzunguka ndani ya mipaka ya Iran ili iwahi kombora likipaa. Nani angempeleka rubani huko akiwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo, isiyoweza kujificha wala kukwepa, iliyosheheni kemikali za sumu? Hoja hiyo naiona haina jibu, na inanitosha kuliko hata gharama, iliyofikia takribani dola bilioni 5.

Mradi ulifungwa mwaka 2011, na ndege ikakatwakatwa Arizona mwaka 2014. Mfumo wa kulenga naupa alama 5 kati ya 5. Silaha nzima, 2.