Nanasi langu limepasuliwa kwapani

Nimekasirika, acheni niseme. Nilimpelekea fundi mmoja wa kroshe kule Kadutu, Bukavu, napero (kitambaa cha mezani) ya marehemu mama mkwe, ile yenye nakshi ya mananasi, nikamwomba anifumie blauzi kwa nakshi hiyohiyo. Nanasi la napero lina upana wa sentimita 8, kifua changu 96. Basi ni mananasi 12: sita mbele, sita nyuma, na kila kwapa linaangukia mpakani, haligusi nanasi lolote. Nilimwandikia mpaka kwenye karatasi.

Yeye akaona uzi mwembamba utamchelewesha. Akachukua lene, uzi wa sufu, tena nene, na sindano namba 4, hata kipande cha kujaribia hakufuma. Nanasi likavimba hadi sentimita 11. Kumi na mawili ya hivyo ungevalisha pipa, kwa hiyo akapunguza mpaka 9. Tisa! Manne na nusu mbele, manne na nusu nyuma. Zile nusu zimekutana chini ya kwapa la kushoto, moja juu, nyingine chini, mshono umepita kati kama kisu.

Nikamwambia, mama, ungepanda namba ya sindano kidogo tu, nanasi lifike 12, manane yangetosha, manne huku manne kule. Hakuinua hata macho.

"Kroshe haina mahesabu. Ni weye unashona ao ni miye?"

Mbele ya wateja! Na dola 20 za avansi, malipo ya kutanguliza, keshazila. Haina mahesabu? Na ile cheni ya kwanza, mstari wa vitanzi unaoanzisha kazi, mtu huianza kwa kukisia?

Nilitaka kuandika kwamba hajui kazi. Si kweli, na hapo ndipo ninapoumia. Shingo ameizungushia makombe madogo, kwenye kona amepunguza mshono mmojammoja mpaka yamelala bapa. Mimi hapo hunitokea mikunjo kila mara. Jumapili ile kanisani nimesifiwa na watu watatu, huku mkono wa kushoto nimeubana kama mwenye jipu. Kwa hiyo msiende. Au nendeni kwa napero tu, napero haina kwapa.

Dada yangu naye ameiona ile shingo, anataka kwenda. Nimemwelekeza. Nimemwambia abebe utepe wa kupimia, na avansi asitoe hata faranga.