Tathmini ya Serious Mass: kopo linatoa kalori, misuli inataka sahani na usingizi

Kijana mwembamba anayeanza kunyanyua vyuma akiingia duka la virutubisho, mara nyingi huonyeshwa kopo hili kabla ya jingine lolote. Serious Mass inatengenezwa na Optimum Nutrition ya Marekani, na miongoni mwa unga wa kuongeza uzito ni bidhaa nzuri: ladha ya chokoleti inanyweka na lebo yake inaeleza wazi kilichomo. Kasoro kubwa iko kwenye kipimo kilichoandikwa pale, na kwenye imani kwamba unga huu utafanya kazi ambayo chakula na mapumziko havijafanya.

Tuanze na lebo. Mlo mmoja ni gramu 334, yaani vijiko viwili vikubwa vya kopo vilivyojaa. Humo mna kalori 1,250, protini gramu 50 na wanga karibu gramu 250. Protini ni kama asilimia 15 tu ya unga unaonunua. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maltodekstrini, wanga mwepesi unaotokana na nafaka, mara nyingi mahindi. Kopo la kilo 2.7 lina milo 8. Ukifuata kipimo kamili kila siku, wiki moja na siku moja limekwisha. Kabla ya kuangalia bei ya kopo, igawe kwa 8 uone bei ya mlo mmoja, kisha linganisha na sokoni.

Sokoni, mlo unaolingana nao ni huu: maziwa nusu lita, karanga za kukaanga gramu 60, unga wa ulezi gramu 80 uliopikwa uji, ndizi mbivu mbili za kawaida na mayai mawili ya kuchemsha. Jumla inafika kalori 1,250 na kidogo, na protini gramu 50 hivi. Saga karanga na ndizi pamoja na maziwa, changanya na uji uliopoa, mayai kula pembeni. Usiyavunje mabichi ndani ya glasi, ingawa jimu nyingi bado zinashauri hivyo. Mwili hunyonya karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, lakini la bichi ni kama nusu tu, na juu yake unabeba hatari ya salmonela, bakteria wa kuharisha.

Sasa kipimo chenyewe. Mtu wa kilo 65 anayetaka kuongeza misuli bila kuota kitambi anahitaji ziada ya kalori 300 hadi 500 kwa siku, na uzito upande taratibu, gramu 150 hadi 300 kwa wiki. Mlo kamili wa Serious Mass juu ya chakula chake cha kawaida ni ziada mara mbili na nusu au zaidi ya hiyo. Mwili hauna njia ya kugeuza kalori zote hizo kuwa misuli kwa sababu tu zimefika, kwa hiyo zinazobaki huhifadhiwa kama mafuta. Ndiyo maana watu wengi humaliza makopo mawili wakiwa wamenenepa usoni na kiunoni, huku vyuma wanavyonyanyua ni vilevile. Kijiko kimoja, kalori 625 na protini gramu 25, kinamtosha karibu kila mtu. Kinywe baada ya mazoezi au kati ya mlo na mlo, kamwe kisiwe badala ya mlo.

Tumbo nalo lina la kusema. Gramu 250 za wanga kwa mkupuo mmoja huvuta maji kwenye utumbo, na protini ya maziwa iliyomo huja na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawaimeng'enyi laktosi vizuri, hivyo gesi, tumbo kujaa na kuharisha ni malalamiko ya kawaida. Anza na nusu kijiko kwenye maji, si maziwa, kwa siku tatu au nne, ndipo upandishe. Tumbo likiendelea kusumbua, acha. Mtindi au maziwa mgando huvumilika zaidi kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Protini ndiyo watu huifukuzia kwenye kopo, na ndiyo rahisi kuipata nje ya kopo. Uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2018 kwenye British Journal of Sports Medicine ulionyesha kwamba, kwa wastani, faida ya kuongeza protini kwa wanaonyanyua vyuma hukoma karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 65 hiyo ni gramu 104. Mayai matatu yanakupa 18, maharage yaliyopikwa gramu 200 yanakupa 17, dagaa wakavu gramu 40 wanakupa 24, maziwa nusu lita 16, karanga gramu 50 zinakupa 12, na ugali wa unga gramu 250 unaongeza 20. Umefika 107 bila kufungua kopo lolote. Dagaa na omena hawathaminiwi wanavyostahili na watunisha misuli: gramu kwa gramu, wakavu wana protini zaidi ya nyama yoyote mbichi iliyoko buchani. Na maharage pamoja na ugali si chakula cha unyonge, kwa maana mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na maharage ndiyo yanayoijaza. Kalori zilizobaki zijazwe na viazi vitamu, parachichi na mafuta ya kupikia.

Kitu kimoja ambacho kopo lolote haliwezi kukuuzia ni usingizi, na hapo ndipo wengi wanapopoteza faida. Mwaka 2010 Annals of Internal Medicine ilichapisha utafiti mdogo wa watu 10 waliopunguziwa chakula kwa siku 14, kwanza wakipewa saa 8.5 za kulala na safari nyingine saa 5.5, au kinyume chake. Uzito uliopungua ulikaribiana. Lakini walipolala kidogo, mafuta waliyopoteza yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo, zilipotea zaidi kwa asilimia 60. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kitanda. Mtu anayelala kwa saa tano tu kisha akaongeza kijiko cha pili cha unga anatibu mahali pasipouma.

Mapumziko pia yana ratiba. Misuli iliyopigwa vizuri ipewe saa 48 kabla ya kurudiwa, na seti (mizunguko ya kunyanyua mfululizo kabla ya kupumzika) 10 hadi 15 ngumu kwa wiki kwa kila kundi la misuli zinamtosha anayeanza. Kifua kila siku kwa sababu Ijumaa kuna sherehe ni njia ya kuumiza bega. Ukiona uzito unaonyanyua umeshuka mara mbili mfululizo, usingizi ni wa kukatika na hamu ya kula imepotea, punguza seti zibaki nusu kwa wiki nzima kabla ya kulaumu chakula.

Kopo lisipoleta mwili unaotamaniwa ndani ya miezi mitatu, wengine huanza kuulizia sindano. Hili lisemwe kwa ukweli wote: testosteroni, homoni ya kiume iliyomo kwenye sindano hizo, inajenga misuli. Utafiti uliotoka mwaka 1996 katika New England Journal of Medicine uliwadunga wanaume miligramu 600 kwa wiki kwa wiki 10. Waliodungwa bila mazoezi waliongeza kilo 3 na kidogo za mwili usio na mafuta, waliofanya mazoezi bila dawa kama kilo 2, na waliofanya vyote kilo 6. Anayesambaza sindano hukuonyesha namba hizo tu. Hakuambii kwamba wote walipangiwa chakula, protini gramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili na kalori zilizopimwa, wala kwamba madaktari walikuwa wakiwafuatilia. Dawa hiyo ilipimwa juu ya watu walioshiba. Wewe unayekula mara mbili kwa siku na kulala kwa saa tano tu bado hujachukua faida ambayo ni yako bure.

Gharama ya sindano hizo pia haimo kwenye chupa. Korodani husinyaa na mbegu hupungua kwa sababu ubongo huona homoni imejaa na kusimamisha uzalishaji. Ukiacha, unaweza kukaa miezi mingi bila nguvu wala hamu. Lehemu nzuri hushuka, misuli ya moyo hunenepa. Na chupa isiyotoka kwa daktari haina mtu anayejibu kilichomo.

Kwa hiyo nani anunue Serious Mass? Mwenye kazi ya kuzunguka asiyeweza kubeba chakula, au mwenye hamu ndogo ya kula ambaye ameshafikisha protini yake na bado uzito haupandi. Huyo atumie kijiko kimoja, ajipime asubuhi kabla ya kula mara tatu kwa wiki na achukue wastani. Uzito ukipanda zaidi ya gramu 400 kwa wiki, apunguze hadi nusu kijiko. Ambaye tatizo lake ni protini tu anunue whey ya kawaida, yaani unga wa protini ya maziwa, yenye gramu 24 katika kijiko cha gramu 30 hivi. Kreatini monohaidreti, gramu 3 hadi 5 kila siku, ndiyo pekee kwenye rafu ile ninayoipendekeza bila kusita baada ya chakula na usingizi kukaa sawa; kilo moja ya kwanza itakayoongezeka ni maji ndani ya misuli, usishtuke.

Dukani, kagua utando wa ndani uwe haujaguswa, namba ya toleo isomeke, na tarehe ya kuisha isiwe imebandikwa juu ya nyingine. Mwanamichezo anayepimwa dawa atafute bidhaa yenye nembo ya Informed Sport, ambayo kila toleo lake hupimwa kama lina dawa zilizokatazwa michezoni, kwa kuwa kitakachokutwa kwenye mkojo wake atakijibu yeye, si muuzaji.