Pikipiki ya cc 150 inayovuta na kuachia: uzoefu wangu

Pikipiki yangu ni ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta kabla ya kuingia kwenye injini), cc 150, niliinunua kwa mtu hapa Dar ikiwa imeshatumika. Barabara ikifunguka haina neno. Shida iko kwenye foleni: gia ya tatu, kasi 30, mkono umetulia kwenye akselereta, yenyewe inavuta, inaachia, inavuta tena. Anayeumia zaidi ni abiria. Kofia yake inagonga yangu kuanzia Ubungo mpaka Kimara, na mama watoto alishasema bora apande mwendokasi.

Mafundi wengi wa kijiweni wana dawa moja. "Kaka, hiyo ni silensa tu," yaani kasi ya injini ukiwa umeachia akselereta. Skrubu inapandishwa, injini inanguruma, unalipa, unaondoka. Kwenye taa za kwanza mambo ni yale yale, tena sasa ukiachia akselereta pikipiki haipungui mwendo kama zamani.

Safari ya Lushoto ndiyo iliyonifumbua macho. Unatoka Mombo, unapanda zile kona za Soni, na kule juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, pikipiki ikatulia kabisa. Hewa ya milimani ni nyepesi, lakini kabureta haina habari, inatoa mafuta karibu kama ya pwani, kwa hiyo mafuta yanakuwa mengi kulingana na hewa. Maana yake huku Dar injini ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta machache. Plagi nayo ilikuwa inasema hivyohivyo: ncha nyeupe kama chaki, badala ya kahawia. Na nikivuta choki nusu, ile inayobana hewa ili mafuta yazidi, kule kurukaruka kunakoma.

Fundi mmoja mzee wa Mwananyamala hakugusa silensa. Aliiacha injini iungurume, akapulizia maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukabadilika papo hapo, dalili kwamba hewa inapenya hapo. Alipoufungua na kuukunja, ufa ukajitokeza upande wa chini, mwembamba, ambao ukiangalia kwa juu huuoni. Mpira mpya nikaupata Kariakoo. Akaweka pia jeti ya mwendo wa chini (kile kitundu cha kupitisha mafuta) iliyo kubwa kwa namba moja, na akakaza cheni, maana cheni ikilegea kila mvuto unakuwa teke.

Kuna skrubu ndogo ya kabureta ambayo mafundi huizungusha kwa mazoea. Ikiwa upande wa ekilina, yaani chujio la hewa, kuilegeza kunaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuilegeza kunaongeza mafuta. Muulize fundi wako ya kwako iko wapi kabla hajashika bisibisi.

Imepona? Robo tatu. Inakula mafuta zaidi kidogo, na asubuhi injini ikiwa ya baridi bado inasumbua kwa muda. Kwenye foleni nashuka gia ya pili, nashika klachi nusu na kugusa breki ya nyuma huku akselereta ikiwa imefunguka kidogo. Ukizoea, inakwenda laini.

Bado siiuzi, injini ni ngumu na spea zipo kila kona. Ila ukienda kununua ya aina hii, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ikishapata moto inaficha mengi.