FamilySearch kwa koo zilizooana: uache mti, fungua mirathi

Mama mkwe wangu ni mtu wa kaunti ya Essex, Massachusetts, Marekani, na koo zake ni za walowezi wa Kiingereza wa karne ya 17. Vijiji vilikuwa vidogo, basi wakaishia kuoana wenyewe kwa wenyewe. Ukipanda vizazi kadhaa, majina ni yaleyale, na bibi mmoja anakutokea pande mbili. Kazi ya kuzipanga nimeangushiwa mimi, mkwe, na chombo ninachokitumia zaidi ni FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo.

Bei hakuna. Unafungua akaunti, unaingia. Tovuti ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilianza kupiga picha kumbukumbu kwa mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo sana za hati) mwaka 1938 na likamaliza kuziweka kidijitali mwaka 2021, mikrofilamu zaidi ya milioni 2. Baadhi ya picha hazifunguki mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba wanayoshirikiana nayo, kwa hiyo usianze kuulaumu mtandao wako.

Wengi hukimbilia mti wa pamoja, ule mchoro wa ukoo ulio kwenye tovuti. Mimi ndio ninaoupa alama ndogo. Mti ni mmoja kwa dunia nzima na mwenye akaunti yeyote anaweza kuuhariri. Sasa chukua John wawili, mabinamu, mji mmoja, wake zao wote Sarah: mtu akiwaunganisha, watoto wote wanatiwa chungu kimoja. Na karatasi za zama zile zina mitego yake. “Junior” hakuwa lazima mtoto wa “Senior”. Alikuwa tu mdogo kiumri kati ya wawili wenye jina moja pale mjini, pengine mpwa, pengine hata si ndugu. Mzee akifa, Junior anapanda cheo. Tena kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta ndoa ya Aprili 1700 na mtoto wa Februari 1700, usimsengenye bibi wa watu: huyo mtoto kaja miezi kumi baada ya harusi.

Utamu uko kwenye utafutaji wa maandishi yote, ulioanza kwa majaribio mwaka 2024 na hati za ardhi na mirathi za Marekani. Mashine inasoma mwandiko wa mkono, kwa hiyo humpati marehemu peke yake bali kila aliyetajwa: shahidi, jirani, mjane aliyeolewa tena. Massachusetts ya ukoloni, mtu akifa bila wosia, mjane alitengewa theluthi yake, kifungua mimba wa kiume akapata mafungu mawili, wengine moja moja. Karatasi ya mgawanyo inakuwa orodha ya familia iliyothibitishwa na mahakama. Moja niliyoifungua ina mafungu nane: mawili ya kaka mkubwa, sita ya wadogo zake, na mabinti watatu wametajwa pamoja na waume zao. Wawili kati ya waume hao ni ndugu, baba mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watoto wa nyumba zile mbili wana majina yaleyale: ni mabinamu kwa baba na kwa mama.

Ukitaka mazoezi kabla ya kugusa koo zako, wachore akina Mather wa Boston, ukoo wa wachungaji wa karne ya 17. Mwaka 1656 Richard Mather alimwoa mjane wa John Cotton. Mwaka 1662 mwanawe Increase akamwoa Maria, binti wa mjane huyohuyo. Mtoto wao Cotton Mather, aliyezaliwa 1663, bibi yake mzaa mama ndiye pia mke wa babu yake mzaa baba. Mchoro wowote usioweza kubeba hilo, uutupe.

Mashine nayo hukosea majina, hasa kwa ile s ndefu ya zamani inayofanana na f. Jina likigoma, mtafute jirani au msimamizi wa mirathi, ubane kwa kaunti na miaka.

Mti, nyota mbili. Mirathi na ardhi, tano bila ubishi. Kwa vizazi, ndoa na vifo vya kabla ya 1850, mimi bado naanza na vile vitabu vya kumbukumbu za Massachusetts vilivyochapishwa mji kwa mji, vinanifikisha haraka zaidi.