Kozi ya ulezi wa watoto hapa Dodoma, tuongelee vile wanavyopima

Kwa wanaofikiria kusoma ulezi wa watoto wadogo hapa Dodoma, mimi nimemaliza chuo kimoja cha binafsi hapa mjini. Jina sitaji maana kuna sehemu nitawachana na mji wenyewe ndo huu, tunagongana Sabasaba kila wikiendi. Madarasa ya kawaida, joto lipo, maji yakikatika mnabeba ndoo kama nyumbani tu. Walimu wanajua kazi, hapo sina neno.

Ila nataka niongelee upimaji maana ndo unaokula hela yako na ndo watu hawauelewi. Sisi wote tumekulia kwenye mtihani, unakariri usiku, unaandika asubuhi, alama zinatoka unapangiwa divisheni. Kule wanapima umahiri. Kila moduli, yaani sehemu ya kozi, imekatwa vipande vipande na kila kipande kina vigezo vyake kwenye fomu, mpimaji anasimama pembeni anakuangalia unafanya anatiki. Majibu ni mawili tu, una umahiri au bado, hakuna cha asilimia tisini wala nani wa kwanza darasani. Mama mmoja mwenye kituo cha kulelea watoto kule Nkuhungu nilipoenda kuomba kazi akaniuliza "mwanangu kwani ulipata divisheni ngapi?", nikaanza kumuelezea mpaka chai ikapoa.

Mfano kubadilisha pampasi. Unaweza kusema hiyo nani asiyeijua, wengine tumelea wadogo zetu tangu tuko la tatu. Haya, fomu inataka unawe mikono, uweke vifaa vyote karibu KABLA hujamlaza mtoto, mkono wako mmoja usimtoke mtoto muda wote akiwa juu ya meza, umpanguse kutoka mbele kwenda nyuma, uongee nae wakati unamfanyia, utupe pampasi panapotakiwa, unawe tena, afu uandike kwenye daftari la kituo saa ngapi na ulichokiona kama ni choo laini au la. Dada mmoja tuliyekuwa nae, mama wa watoto wanne jamani, alipewa bado. Alifanya vizuri mwanzo mwisho, lakini kitambaa kilikuwa kwenye mkoba nyuma yake akageuka kukichukua, sekunde mbili hazikufika. Alinuna sana siku ile. Ila mtoto wa miezi saba kujibiringisha hakuhitaji hata hizo sekunde mbili, kwahiyo mimi nilikuwa upande wa mpimaji. Na uzuri wake hakurudia moduli nzima, walimrudisha pale pale alipokwama, akaonyesha tena, basi ikaisha.

Kwenye lishe nako walinifurahisha kwasababu hawakufundisha kama tupo Ulaya. Tulipika uji wa uwele na karanga, na kabla hujawasha moto mpimaji anakumwagia karanga kwenye ungo uchambue, ndani wameweka kwa makusudi zilizosinyaa na zenye ukungu. Ukiziacha umepata bado hata kama uji wako mtamu vipi. Wageni wanaona ni uchokozi ila sisi wa huku tunakumbuka mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi, ilivyoua watu Dodoma na Manyara, tena kwa mahindi ya ndani kwao wenyewe. Na sumukuvu ukishapika haitoki kwa moto wa jikoni, ndo maana kazi yote ipo kwenye ungo.

Sasa kupimwa sio siku moja. Wanakusanya ushahidi wa aina aina, kuna kukuangalia ukifanya, kuna maswali ya mdomo, kuna logibuku, daftari la kazi unalojaza ukiwa fildi, yaani mazoezi kwenye kituo chenye watoto, kuna na taarifa ya msimamizi wa kituo. Ushahidi wenyewe lazima uwe unahusiana na kinachopimwa, uwe unatosha, uwe wa kipindi hiki sio wa mwaka juzi, na uwe wako kweli. Maswali ya mdomo ndo yananyoosha watu maana kuna vitu huwezi kuvisubiri vitokee. Mimi niliulizwa, mtoto amekuja na alama za fimbo mgongoni na aliyemleta ni baba yake, unafanyaje? Ukisema utamuita baba umgombeze pale getini umekosa, ukisema hayakuhusu umekosa zaidi. Unaandika ulichokiona bila kuongeza chumvi, unamwambia msimamizi, inaenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba 116 ya kupiga bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka uripoti, sio hiyari.

Nakuja kwenye kuchana sasa. Mdoli wa kujifunzia huduma ya kwanza ulikuwa MMOJA darasa zima na shingo imeshalegea. Mtoto chini ya mwaka akikabwa na kitu kooni unamlaza kifudifudi kwenye mkono kichwa kikiwa chini, unampiga mgongoni katikati ya mabega mara tano, hakijatoka unamgeuza unamkandamiza kifua mara tano, unarudia. Hiyo inataka mkono uizoee, sio kila mtu aguse mara moja afu tuambiwe tumeiva. Afu kila muhula mchango wa vifaa unadaiwa, vifaa vyenyewe sijaviona.

La pili na hili ndo liliniudhi, fildi. Mpimaji alitakiwa aje kituoni aone nafanya kazi na watoto, hakuja mpaka tunakaribia kufunga, afu ikatoka amri tukusanye logibuku zote zikasainiwe ofisini kwa mkupuo. Sasa umenionea wapi huo umahiri? Wenzangu walishukuru, mimi niligoma nikabaki nafuatilia mpaka akaja, asubuhi nzima alikaa nami akaniona nawalisha, nawalaza na nawatenganisha wawili waliong'atana. Kama mfumo wenyewe ni wa kuona kwa macho, basi saini bila kuona ni karatasi tu, na mzazi atakayekukabidhi mtoto hajui.

Kwahiyo kabla hujalipa ada, angalia chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, orodha wameiweka kwenye tovuti yao, na hakikisha ni kozi hiyo hiyo unayoitaka maana kuna chuo kinasajiliwa kwa kompyuta kinaanza kufundisha kila kitu. Waombe wakuonyeshe fomu ya vigezo, chuo kinachojua kinachofanya kinakuonyesha bila kuzunguka. Ulizia nani anakuja fildi na anakuja mara ngapi. Na wale mliolea watoto vituoni miaka na miaka bila cheti, msikimbilie kuanza moja, utaratibu wa kurasimisha ujuzi upo, pitieni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, muulize kama fani yenu imo, mkipimwa kwa mlichonacho mtaongezea pale mlipopungua tu.

Nyota tatu. Ya nne naiweka wakinunua midoli.