Tingatinga sebuleni: tathmini ya picha ya kutazamwa kila siku

Picha nyingi za Tingatinga, michoro ya rangi za kung'aa inayoitwa kwa jina la mchoraji aliyeianzisha, zinazouzwa Dar es Salaam hununuliwa na wageni, ambao huzikunja na kuondoka nazo, na huenda ndiyo maana wenyeji wengi tunazihesabu kuwa bidhaa za watalii tu. Mimi nilinunua moja ili niitundike nyumbani, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa kalenda ya benki, saa na picha za harusi. Kwa hiyo nitaipima kwa jambo moja: inavyostahimili kutazamwa na watu walewale asubuhi na jioni.

Asili ya picha hizi inaeleza mengi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia hadibodi za ujenzi na rangi ya kupakia baiskeli, akauza kazi zake kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, waliiendeleza kazi hiyo, na tangu mwaka 1990 wana chama cha ushirika katika eneo hilohilo. Rangi iliyokusudiwa kuvumilia matope na mvua haisumbuki na vumbi la sebuleni: hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kurudi kung'aa, jambo usiloweza kulijaribu kwa picha ya rangi ya maji.

Picha niliyochagua, ya futi mbili kwa mbili, imechorwa kwenye kitambaa na ina kanga wawili chini ya mbuyu. Fundi alipaka kwanza mandhari ya njano inayokolea taratibu hadi rangi ya chungwa, akaiacha ikauke, akaweka maumbo meusi ya ndege, na mwisho akatia madoa meupe moja moja kwa ncha ya brashi. Ukiisogelea utaona kwamba madoa ya shingoni ni madogo na yamesongamana, ya mgongoni yanapanuka, na kwenye bawa moja pameachwa pengo ambapo jicho hupumzika. Binti yangu, ambaye hakuwa amewahi kumjali kanga hata akiwa kwenye sahani, alipowaona kanga wa kweli kijijini kwa bibi yake alilalamika kwamba fundi amekosea, kwa kuwa vichwa vyao vina rangi ya buluu na si nyekundu tupu kama vya ukutani. Mabishano hayo yalituchukua chakula kizima cha jioni, na kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko kupendeza kwa ukuta, kwa sababu kalenda haijawahi kumfanya mtu yeyote nyumbani kwangu amtazame ndege.

Si kila picha ina uwezo huo. Zile zilizojazwa tembo, twiga, simba na Mlima Kilimanjaro katika fremu moja hufurahisha dukani, lakini nadhani huchosha haraka, kwani hazimwachii mtazamaji kazi yoyote. Wapo wanaolaumu mafundi kwa kurudia michoro ileile. Lawama hiyo siiafiki, maana mkono uliomchora ndege yuleyule kwa miaka huwa na uhakika ambao mwanagenzi hana. Kasoro halisi ni haraka, nayo huonekana kwenye kingo za maumbo, ambako rangi ya juu imepakwa kabla ya ile ya chini kukauka, zikachanganyika.

Kuna dosari mbili za kuvumilia. Mng'ao wa rangi hurudisha mwanga, hivyo picha iliyotundikwa mkabala na dirisha haionekani vizuri mchana. Kitambaa nacho hulegea kwa joto na unyevu wa pwani kisipowambwa barabara. Changu kilianza kubonyea katikati kwa sababu fundi fremu wa mtaani alitumia vijiti vyembamba mno, nikalazimika kulipia fremu upya.

Anayenunua kwa ajili ya nyumba yake namshauri achague hadibodi badala ya kitambaa ikiwa hana haja ya kusafiri nayo, aulize bei ya picha na ya fremu kila moja peke yake, na aguse ukingo kwa kidole kabla ya kulipa, kwa kuwa rangi inayonata bado inahitaji muda wa kukauka.